Kwa Norbert, Kuhusu Mawe ya Dada Laurette

Kilibula, Uvira
21 Desemba 2025

Mpendwa mudogo wangu Norbert,

Nakusalimu weye, bibi yako na watoto wenu. Afya yenu iko namna gani huko Kalemie? Minye na Mama, mwili uko muzima. Barua hii nampa Nyandwi, anashuka kwa boti, maana simu hazipiti tangu siku kumi.

Kaa chini kwanza. Dada yetu Laurette ametuacha. Tulimuzika juzi Ijumaa, watu sita tu, haraka, risasi zikisikika upande wa milimani.

Unakumbuka macho yake yalivyogeuka manjano, akajikuna ngozi hata damu. Munganga Sévère alimupiga picha ya tumbo, akaona mawe mawili yameziba mrija wa nyongo. Alitaka kumupasua siku ile ile. Ndipo ulipopiga simu kwamba Bujumbura kumefika munganga mugeni: anatoboa matundu madogo tu, anaingiza kamera, anatoa mawe, na mugonjwa anarudi nyumbani kisha siku mbili. Ulisema, "Musikubali kisu. Mungoje." Laurette alifurahi sana. Hakuwa amesahau kidonda cha shangazi Generose kilivyooza alipopasuliwa.

Bujumbura walitupa tarehe kumi na moja ya mwezi huu. Vita vikatutangulia.

Tulienda hata hivyo, watatu juu ya pikipiki moja, yeye katikati ya dereva na minye, akitetemeka kwa homa. Kavimvira, pale mpakani, kizuizi kilikuwa kimeshuka. Nilimuonyesha askari karatasi ya lopitali. Aliisoma yote polepole, akanirudishia.

"Mama, naona ni mugonjwa kweli. Lakini leo hapiti mutu."

Tukarudi. Wauguzi wengi walikuwa wamekimbia, Sévère hakukimbia. Alimupasua kwa taa ya jenereta, na muuguzi mumoja. Mawe alinionyesha ndani ya kikombe, makubwa kama maharagi. Nililia kwa furaha, Norbert. Lakini homa haikushuka. Sévère aliniambia wazi kwamba uchafu ulikuwa umeshaingia katika damu, na dawa ya kuuzuia ilikuwa imeisha lopitalini.

Laurette alikaa siku sita. Siku ya mwisho alikuomba usihangaike: "Mumwambie Norbert alinitafutia mema."

Binti yake Claudette yuko kwetu. Anakula kidogo kidogo.

Sasa neno gumu. Mama anauliza kila asubuhi nani alikataza kisu mwanzoni. Nilimujibu ni minye. Tangu hapo hapokei chakula mukononi mwangu. Anangoja Claudette amuletee. Njia ikifunguka ukaja, usimusahihishe. Minye niko hapa, ataniona kila siku mpaka hasira ichoke. Weye uko mbali. Mama angejua ni weye, angekufa akikuchukia bila kukuona.

Nisalimie bibi yako Émérance, na Placide jirani yenu. Mungu awafunike, awalinde na hii vita isifike kwenu.

Ni minye dada yako, mwenye kukupenda siku zote,
Bernardine