Cheni Uliyoikaza Kabla Mama Hajapanda

Kalemie, ng'ambo ya ziwa

Mdogo wangu Juma,

Marahaba. Shikamoo yako sijaisikia, maana wiki ya tatu sasa hupokei simu yangu, lakini naitikia mapema usije ukasema kaka yako ndiye aliyeanza kuvunja adabu. Natumaini nyumbani mu wazima. Mimi ni mzima, ila magoti. Mvua imeikata barabara ya bandarini na maji yameingia bandani hadi kwenye sanduku la spana. Nimeshinda siku mbili nazikausha moja moja. Barua hii nimempa mama mmoja muuza mawese anayevuka kwenda Kigoma, kisha atapanda treni hadi Tabora. Nimemwambia akukabidhi mkononi. Simu unaweza kuikata. Barua itabidi uichane, na Baba alitulea tusichane kitu chenye maandishi.

Nakuandikia juu ya pikipiki unayompakia Mama kila Jumatatu na Alhamisi kwenda hospitali ya Kitete kusafishwa kidonda. Tulipozungumza mara ya mwisho Mama alikunyang'anya simu, akaniambia kwa furaha, "Hamisi, pikipiki ya mdogo wako siku hizi inaimba." Nikamuuliza inaimbaje. Akaniigia: mluzi mwembamba, unaopanda kila mkiruka tuta. Yeye anasikia wimbo. Mimi nilisikia cheni iliyokazwa kupita kiasi.

Nilipokuambia, ulijibu kwa majivuno: "Nimeikaza kwa mikono yangu, kaka. Haichezi hata chembe." Nikaanza kukueleza, ukanidakia: "Ulivuka ziwa mimi nikiwa darasa la sita. Leo unataka kunishikisha spana kwa simu?" Nyuma yako nikamsikia Mama, kwa ile sauti yake ya kumaliza kesi: "Mwache Juma. Juma yupo." Ukakata.

Sawa, upo. Lakini unakosea, na kosa lenyewe nalijua kwa sababu nililifanya mimi kwanza.

Sisi ni watoto wa fundi baiskeli. Baba aliisimamisha baiskeli tupu, akavuta gurudumu la nyuma, akakaza nati, akaipiga cheni kwa kidole. Ilivyokaa tupu ndivyo ilivyokaa na gunia la mpunga, kwa kuwa baiskeli zile hazikuwa na shokapu. Pikipiki inazo, nazo hubonyea kwa uzito. Ukipanda, na Mama akipanda nyuma yako, mkono unaoshika gurudumu unasogea juu na cheni inavutika zaidi ya ulivyoiacha. Wewe unaikaza ikiwa juu ya stendi kubwa, gurudumu linaning'inia, mpaka haichezi. Mkishapanda wawili, itavutika iende wapi?

Hili sikuwahi kulisema nyumbani. Nilipoanza kutengeneza pikipiki huku, niliikaza cheni ya mteja mmoja hivyo hivyo, kwa mkono wa Baba. Akampakia mkewe na madebe mawili ya mawese, wakaingia kwenye shimo karibu na soko, cheni ikakatika na kujisokota kwenye gurudumu. Yule mama alivunjika nyonga. Mumewe alikuja bandani na ndugu zake. Hawakunipiga. Walitoa vyombo vyangu kimoja kimoja wakavipanga barabarani, kisha mkubwa wao akaniambia kwa Kiswahili cha huku, "Papa, rudia kwenu." Ninyi nyumbani niliwaandikia kwamba nimehamia mtaa wenye wateja wengi. Ukweli ni kwamba mtaani pale hapakuwa tena na mtu wa kuitikia salamu yangu. Yule mama hutembea kwa mkongojo, na nikimwona sokoni nabadili njia mpaka leo.

Tangu hapo sikazi cheni ya mtu bila yeye kupanda. Juzi alikuja mmoja na magunia mawili ya mkaa, nikamwambia akae juu na mzigo wake nipime. Akawageukia wenzake: "Huyu muzee anatukalisha kama tunapigwa picha." Wakacheka. Nikaingiza kidole, nikamlegezea, akaondoka ananung'unika. Wewe kila harusi unawasimulia wageni kwamba mpagazi wa Kinyamwezi hakukubali mzigo uliopimwa chini, aliuweka begani kwanza. Unalisimulia vizuri sana. Sasa lifanye.

Halafu gurudumu lenyewe. Binti yako Mwanaidi alinitumia picha. Usimgombeze, nilimwomba mimi. Kushoto ekseli umeiacha kwenye alama ya tatu, kulia karibu na ya tano. Pikipiki inakwenda Kitete, gurudumu linatazama Kaliua.

Legeza nati ya ekseli. Alama usiziamini, chombo hicho kimeshaanguka. Chukua uzi, upime kutoka katikati ya boliti inayoushika ule mkono wa gurudumu hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, mpaka urefu ulingane. Zungusha gurudumu polepole, tafuta mahali cheni inapokaza zaidi, pimia hapo. Kisha ishushe kutoka kwenye stendi, upande, Mama apande, Mwanaidi aingize mkono: katikati ya cheni bado icheze juu na chini upana wa kidole. Ikigoma, legeza. Usiilegeze mpaka ikaning'inia, itaruka meno. Kaza nati, tia pini mpya, kisha rekebisha breki ya nyuma, maana gurudumu likisogea nayo hubadilika.

Mpaka umalize hayo, Mama aende kwa bajaji. Maneno haya haya nimemtumia Mwanaidi amsomee bibi yake, kwa hiyo usijisumbue kuificha barua.

Nisalimie shemeji yangu Asha, anayekuvumilia. Nisalimie dada yetu Mwamvua wa vitenge, na mjomba Sefu, ambaye najua atachukua upande wako. Mama mwambie hakukosea: wewe upo, mimi sipo. Ndiyo maana wa kuinama chini ya pikipiki hiyo ni wewe.

Ndani ya bahasha kuna uzi wa kushonea magunia, kama aliokuwa akiutumia Baba. Nimefunga fundo ncha moja, la kwenye boliti. La pili lifunge wewe, penye ekseli upande wa kushoto, kisha uhamishie kulia ujionee. Mimi hutaki kuniamini. Utaubishia na uzi?

Kaka yako usiyempokelea simu,
Hamisi