Mkeka wa Kufunika Miguu

Logan, Queensland,
14 Julai.

Mpendwa dada yangu Fuatino,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi yetu ya Julai. U hali gani? Mgongo wako je, bado unakusumbua ukikaa sana kusuka? Na mama, anakula? Binti yako Moelagi aliniambia kwenye simu kwamba anamaliza magimbi yote na kudai samaki zaidi. Nikacheka, kisha nikalia. Miaka kumi na moja sijamwona mama. Nimewakumbuka mpaka naona aibu.

Mimi ni mzima. Jumatatu nilibadilishwa goti la kulia, na nakuandikia nikiwa kwenye kitanda cha hospitali. Usishtuke, mambo yamekwenda vizuri. Ila mwaka jana, lilipobadilishwa la kushoto, kuna jambo nilikuficha.

Nilikuambia niliteleza bafuni. Uongo mtupu. Mwaka ule walinichoma sindano ya ganzi kwenye kinena, wakaulaza mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka pajani. Maumivu sikuyasikia kabisa, lakini na paja lenyewe lilikuwa limelala. Akaingia mchungaji Iosefo kuniombea, nami miguu nimeinyoosha, inamwelekea yeye! Unajua tulivyolelewa: kumnyooshea mtu miguu ni kumvunjia heshima. Nikaona heri nishuke, nikae kwa adabu. Kukanyaga, mguu haupo. Nilianguka mbele ya mchungaji, mshono ukafumuka, na safari ya kuja kwenu ikafa siku ile ile. Wauguzi walidhani nimechanganyikiwa.

Kwa hiyo mara hii nilimweleza yote daktari wa ganzi, Dokta Halloran, mama mmoja mwembamba asiye na haraka.

"Mwanangu," nikamwambia, "mchungaji akiingia mimi nitasimama tu, hata mnifunge kamba. Huo mguu utanibeba?"

"Basi tusikuchome kinenani, Mama," akasema huku akicheka. "Tushuke katikati ya paja, upande wa ndani. Hapo maumivu yanalala, nguvu ya paja inabaki."

Nikamwuliza kasoro yake. Akasema sindano hiyo haifiki nyuma ya goti, kwa hiyo angeniongezea nyingine huko, na hata hivyo huenda ningeumia kuliko mwaka jana.

"Niumie," nikasema, "mradi nisimame."

Na nimeumia, dada. Ganzi ilipoisha niling'ata shuka. Muuguzi akiuliza maumivu ni mangapi kati ya kumi, nasema mawili, maana mama hakutufundisha kulalamika. Ananitazama usoni, anaandika saba. Lakini Jumanne asubuhi nilisimama, nikatembea hadi dirishani nikishikilia fremu yao ya kutembelea. Jana mchungaji alipochungulia mlangoni nikainuka. Akapiga kelele, "Kaa, Sinapati! Usije ukaniangukia tena!"

Tiketi yangu ni ya tarehe tatu Oktoba, na daktari amekubali.

Kuna jambo moja tu linalonisumbua. Magoti haya ya chuma hayatakubali tena nikunje miguu mkekani. Nimeuliza mara mbili, jibu ni lile lile. Mwanangu Pita anasema nitafutiwe kiti. Sikitaki. Sivuki bahari yote hiyo nikamwangalie mama kutoka juu. Wewe na Moelagi mtanishusha taratibu, niegemee nguzo ya nyumba, ninyooshe miguu karibu naye.

Moelagi ameniambia mama naye hawezi kukunja yake siku hizi, na wageni wakija huona haya. Basi nakuomba, dada, nisukie mkeka wa kufunika miguu, ili ikinyooshwa isimvunjie mtu heshima. Anza leo. Na usiufanye mwembamba: upana wake utoshe miguu yangu na ya mama pamoja.

Nisalimie Moelagi na shemeji Tavita, na umbusu mama shavuni kwa niaba yangu. Mungu awalinde nyote mpaka nifike.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Sinapati