Kofia Isiyo na Kichwa

Mume wangu Bwana Gharib, salamu zikukute mzima huko Unguja.

Sisi wazima. Jirani yetu Hafswa kaolewa tena, mara ya tatu, na hina katiwa mpaka magotini, haya hana! Yule bibi wa Kizungu aliyekuwa akichora picha mtaani kwetu karudi kwao, kaniachia kijisanduku cha rangi za kuchanganya na maji. Raha yake, bwana! Kofia nikikushonea nahesabu matundu, nikikosea moja nafumua. Hii rangi ukiitia maji yaenda itakako, nami naifuata. Tangu uondoke, mwaka wa tatu huu, sitoki ila kwa harusi na mazishi, lakini kwenye karatasi natembea mpaka ng'ambo, kisiwani Manda.

Jana nimechora mkeka wako, na kofia juu yake. Hafswa akacheka: "We Radhiya, kichwa ki wapi?"

"Kuchora watu haramu," nikamjibu.

Haramu kweli, lakini wewe sikufichi. Nilijaribu kwa siri, Mungu anisamehe, pua yako ikanishinda. Nimeanza kuisahau. Watu wasema umeoa huko, sikuulizi. Ndoo tu, rudi nyumbani, nikutazame.

Ni mimi mkeo,
Radhiya