Tumbo la Adabu

Mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, na miguu umeinyoosha juu ya kitu, maana kwa hali yako najua ikifika jioni miguu hukataa viatu. Mama hajambo? Kifua chake kimetulia? Na shemeji yangu mkimya, bado anajibu maswali kwa kukohoa? Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu, ingawa kutojambo kwenyewe kuna habari ndefu. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujaanza kulia au kunipigia. Nimeandika barua kwa kuwa ujumbe wa simu husomwa mtu amesimama, na hili nataka ulisome umetulia.

Picha yako niliipata. Umesimama ubavu, gauni umelivuta nyuma likubane, na chini umeandika kwamba mwezi wa sita umetimia na watu bado wanakuuliza kama una mimba kweli, kwamba nawe umejaliwa tumbo la adabu kama sisi wote. Umependeza, sikatai. Lakini sikukujibu, na najua ulinuna. Hukukosea kitu. Ninalotaka ni moja tu, na nalisema mapema lisije likapotea katikati ya maneno: nenda kliniki wakakupime urefu wa tumbo, kisha urudi kila wanapokuambia urudi. Uliniambia ulikwenda mara moja, ukaona foleni, ukaona huumwi popote, ukageuza. Mimi nami sikuumwa popote.

Kazi yangu unaijua. Chumba cha pasi cha hoteli kiko chini kabisa, madirisha yako karibu na dari, na tunachokiona cha ulimwengu ni viatu vya wapita njia. Mashuka yanakuja na unyevu kutoka mashineni, tunayanyoosha, tunayakunja kona kwa kona, basi siku imekwisha. Shemeji yako yuko mgodini anatengeneza mitambo, na mtandao wa huko huja na kuondoka utakavyo. Yeye akiwa macho mimi nimelala. Kwa hiyo nikirudi hujibishia hodi mlangoni kwangu mwenyewe, kwa utani, na hakuna wa kuniambia karibu. Mtu wangu wa karibu ni mwenzangu wa meza moja, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi.

Mimba ilipoingia, Redio alinishangaa mwezi baada ya mwezi, akiniuliza kama nimebeba au nimeficha. Nilimjibu kwa maringo kwamba kwetu ndivyo tulivyo, matumbo yetu yana adabu, hayatangulii mlangoni kabla ya mwenyewe. Nikamwambia na ule usemi wa mashangazi, kwamba mwanamke wa ukoo huu akipita na mimba na ndoo ya maji, jirani huona ndoo tu. Tulicheka mpaka msimamizi akaja kutazama kuna nini.

Kliniki nilikwenda, kwa kuwa hotelini hawatoi likizo ya uzazi bila kadi. Mkunga wa pale ana mikono ya baridi na kila akikugusa hukuomba radhi kwa ajili yake. Alinilaza, akatandaza tepu kama ya fundi cherehani kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba, akaandika. Safari iliyofuata akapima, akapima tena, akaniuliza kama nina hakika na tarehe zangu. Nikamwambia ninayo, nikamtupia na ule utani wetu wa adabu. Hakucheka. Alisema tumbo la mimba halina adabu wala utovu wa adabu, lina kazi, na kazi yake ni kukua. Langu lilikuwa halijasogea tangu mara ya mwisho. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, hao waliobebwa katika matumbo hayo ya adabu walizaliwa na uzito gani, na kama wote wako hai. Ndipo nikagundua sijui.

Nikapelekwa utrasaundi. Daktari alinieleza polepole kwamba mtoto alikuwa mdogo kuliko umri wake. Wapo watoto wadogo kwa maumbile tu, alisema, wazazi wao wafupi nao wafupi, na hawana neno. Ndiyo maana mtu hatazamwi kwa macho, anapimwa, tena na tena, ionekane kama mtoto anasonga mbele. Wangu alikuwa hasongi. Kondo la nyuma halikuwa likimpitishia damu na chakula cha kumtosha. Nilimuuliza nimekosa nini. Akasema sikukosa. Pengine huwa ni presha, pengine malaria, pengine upungufu wa damu au sigara, na mara nyingi sababu haionekani kabisa. Redio aliposikia alianza kuniletea vyakula vya kila namna, akinilazimisha kula kwa niaba ya wawili, nami nilikula mpaka nikatapika. Shida haikuwa chakula. Njia ya kumfikishia ndiyo ilikuwa imebana.

Wala hakuna dawa ya kumnenepesha mtoto akiwa ndani. Waliniambia watamwangalia kwa karibu, wapime mapigo ya moyo wake, wapime presha yangu, watazame damu inavyopita kitovuni, nami kazi yangu ni kuujua mchezo wake. Akipunguza kucheza nisingoje kesho. Basi nikawa nalala ubavu, mkono tumboni, namsubiri. Akicheza nilimshukuru kwa sauti. Akichelewa nilimbembeleza, nikamgombeza, kisha nikamwomba radhi. Nilikuwa mpweke, mdogo wangu, sijapata kuwa mpweke namna ile. Ninyi mlikuwa mkinipigia, nawaambia sijambo na mtoto hajambo, kisha nikikata simu nalia kwa kuwa hamkuniuliza mara ya pili.

Mwishowe nilimpigia mama nikampa swali la mkunga kama lilivyo. Nilisikia akifunga mlango wa chumba. Kisha akanieleza. Ile miaka mingi kati yangu na wewe, tuliyokuwa tukikutania kwamba mama alikusahau mahali, haikuwa mitupu. Ulikuwa na kaka. Mimba yake haikuonekana, na mama akasifiwa sana. Hakuna aliyempima, hata mara moja. Mtoto akazaliwa miezi yake imetimia, lakini wa kushikwa kwa viganja viwili, na hakumaliza siku ya pili. Alipozikwa, majirani wakaanza kunong'ona kama kweli kulikuwa na mimba au mama alijisingizia. Ndipo bibi aliposimama mlangoni akawajibu kwamba mwanawe amezaa na amezika, na kama hawakuiona mimba ni kwa kuwa ana tumbo la adabu. Umeona? Lilikuwa neno la kuwafunga watu midomo, la kumkinga mfiwa. Sisi na mashangazi tukaliokota tukalifanya sifa. Mama anasema kila tulipolitamka mbele yake tukicheka, alikwenda jikoni. Akaniomba nikuambie mimi, maana yeye likifika kooni halivuki.

Nilikuwa nikuandikie kesho yake. Sikuweza, na hapa ndipo penye jambo ambalo hata mama halijui.

Kesho yake nilikuwa kwenye foronya, nikagundua sijamsikia tangu asubuhi. Nilimwambia Redio. Alichomoa pasi ukutani, akanishika mkono, na njia nzima hakusema neno hata moja. Hapo ndipo nilipoogopa. Hospitali walipima mapigo, wakatazamana, daktari akasema heri alelewe nje kuliko kuachwa ndani na njaa. Nilitia sahihi peke yangu. Redio alibaki kwenye benchi ameshika viatu vyangu. Mtoto alilia, kidogo sana, lakini alilia.

Nimezaa, mdogo wangu. Ni wiki ya tatu sasa, na kila mliponipigia niliwaambia bado nasubiri. Niliogopa kuwapa furaha halafu niwanyang'anye. Shemeji yako alipewa ruhusa ya siku mbili, akamshika kwa kidole kimoja, akarudi mgodini akilia. Wodini wanawake wenzangu huja na kutoka na watoto wao wakubwa, mimi nimebaki. Hata sasa nakuandikia nikiwa nimemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, ndiyo maana maandishi yamepinda. Anaongezeka kwa gramu, na wauguzi hunitangazia gramu hizo kama mabao ya mpira. Madaktari hawajaniahidi kitu, ila tangu juzi wameacha kuniambia tungoje tuone.

Mama mwambie wewe, taratibu. Yeye alinituma kwako, mimi nakutuma kwake. Labda la kwako ni dogo kwa maumbile tu na utanicheka uzeeni, nicheke, nitafurahi. Lakini nenda.

Kaka yako hakupewa jina. Walisema wangoje aongezeke kidogo. Mimi sikungoja, wangu nilimpa jina siku ileile, angali kwenye mirija, na hapa silitaji kwa makusudi. Nenda kapimwe, kisha unipigie kutoka palepale kliniki, na wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza wa kwetu kulisikia.

Nisalimie shemeji na umshike mama mkono kwa niaba yangu. Redio anakusalimu, ingawa hamjuani. Nakutakia usingizi mwema, wewe na huyo uliyenaye.

Ni mimi dada yako,
Mama wa mvulana