Fomula za Baba Mkwe Zinakwamisha Mtambo Siku ya Mnada

Mpendwa mshauri Ursula, naomba msaada wako, na nakusihi usicheke, maana wenzangu wanakuandikia habari za waume na mimi nakuandikia habari za kompyuta, ingawa ukisoma mpaka mwisho utaona ni mambo ya nyumbani vilevile.

Mimi ni mke wa Jofrey, tunaishi Musoma mjini na kwao ni upande wa Butiama. Nimesomea kompyuta, na ushirika wa wafugaji umeniajiri kutunza mtambo wa kutafuta mifugo iliyopotea, yaani mtu akipotelewa na ng'ombe anaandikisha rangi, pembe, mkato wa sikio na kijiji, halafu siku ya mnada karani akimtilia shaka ng'ombe fulani anaandika jinsi anavyomwona, na mtambo unamletea waliopotea wanaofanana naye, anayefanana zaidi akiwa juu. Kinachoamua nani akae juu ni skripti, mistari michache ya maagizo niliyoandika mwenyewe, ambayo mtambo unaipitisha kwa kila ng'ombe na kumpa alama. Nyumbani wote wanaiita fomula.

Sasa mwenyekiti wa ushirika ni baba mkwe wangu, alikuwa bwana mifugo mpaka akastaafu, na ng'ombe anawajua kuliko anavyowajua wajukuu wake. Siku moja aliona mtambo umemweka juu ng'ombe ambaye siye anayetafutwa, akasema kwa sauti kubwa pale sebuleni ili nisikie niliko jikoni, "Mwambieni mke wa Jofrey ng'ombe hatafutwagi hivyo! Rangi inadanganyaga, vumbi likimpiga anakuwa mwingine. Aanze na sikio." Alikuwa sahihi kabisa, mshauri, na nikabadilisha siku ileile, lakini hakuishia hapo, akataka awe na mahali pa kuandika fomula zake mwenyewe, na mimi ningesemaje hapana? Katika nyumba niliyoolewa mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni, na jina lake halitamki, ndiyo maana hata hapa sijaliandika. Nikamfungulia kisanduku kwenye ukurasa wa kutafutia, anaandika fomula humo na mtambo unaitekeleza.

Amejifundisha kwenye simu na anaandika vizuri tu, ila kwa kila ng'ombe anaandika fomula mpya, rangi na kijiji amevichomeka ndani ya fomula yenyewe, halafu anaituma kwenye kundi la WhatsApp la wajumbe wa ushirika, na kuanzia Kabasa mpaka Kisorya kila mjumbe anabadilisha neno moja na kuibandika. Mtambo ukaanza kuzikataa, ukisema skripti mpya zimezidi kikomo, nami nikaongeza kikomo ili Baba asidhani namzuia, ndipo seva nzima, ile kompyuta kuu inayobeba mtambo, ikawa nzito, na juzijuzi mjumbe mmoja wa Kisorya akabandika fomula iliyokuwa inazunguka bila kuisha mpaka nikalazimika kuzima na kuwasha upya.

Mnada uliopita, mama mmoja mjane anayeitwa Susana, wa huko huko Butiama, alikuwa amepotelewa na ng'ombe wake wa maziwa, mwekundu mwenye baka jeupe usoni, hana mwingine. Gody, karani wetu Bunda, alimwona anayefanana naye, akaandika, akasubiri, lakini asubuhi hiyo wajumbe walikuwa wanabandika fomula zao na jibu halikuja, muuzaji ana vibali mkononi, ng'ombe akapandishwa lori. Gody akanipigia akiwaka, "Dada, huu mtambo wenu unalalaga siku ya kazi tu?" Jioni mtambo ulipotulia jibu likaja, na aliyekuwa juu kabisa ni ng'ombe wa Susana, mpaka mkato wa sikio la kushoto. Susana alipopiga simu nilimwambia mtandao ulikuwa mbovu, akasema "Haya mwanangu, mtandao nao tutafanyaje," akanishukuru, nikakata.

Nimemwambia Jofrey akaongee na baba yake, anasema, "Baba haambiwagi." Mnada mwingine ni wiki ijayo. Nimefikiria nifute fomula zote za Baba kimya kimya, nifunge kisanduku, na akiuliza, watu wa nyumbani waseme mtambo umebadilika wenyewe. Nikifanya hivyo nitakuwa nimemkosea heshima? Na nisipofanya, ni ng'ombe wa nani atakayefuata? Nishauri, tafadhali, maana hata kula siwezi.

Mkamwana, Musoma

MSHAURI ANAJIBU

Mkamwana, sikucheka hata kidogo. Kabla ya kukalia kiti hiki nilitunza seva miaka mingi, najua mtu anavyojisikia mtambo ukigoma na simu haziachi kuita. Pole sana. Sasa kula kwanza, halafu unisikilize, maana nina ugomvi na wewe.

Kile kikomo ulichoongeza hakikuwa adui yako. Mtambo ulikuwa unakuambia panapouma, wewe ukauziba mdomo. Ukirudi kazini kesho kirudishe kama kilivyokuwa.

Baba mkwe wako naye si tatizo, na ningekuwa wewe ningejivunia. Anajua kwamba sikio lina uzito kuliko rangi, na hilo hukulisoma chuoni. Kosa lake ni moja: anaandika fomula mpya kwa kila ng'ombe. Mtambo hauoni kwamba ni fomula ileile iliyobadilishwa neno. Unaisoma kama ngeni, unaitafsiri upya kwa lugha ya mashine tangu mwanzo, na ikija nyingine inayosema "Kabasa" badala ya "Kisorya" unaanza tena. Chukua fomula yake nzuri kuliko zote, ihifadhi kwenye seva mara moja tu, na yale yanayobadilika, yaani rangi, pembe, sikio na kijiji, yatoe nje yawe vigezo vya kujazwa. Mtambo utaitafsiri mara moja na kuikumbuka. Mjumbe wa Kisorya atajaza nafasi nne na kubonyeza kutafuta, basi. Kama anajua kujaza fomu ya ubatizo wa mtoto, hiyo haitamshinda.

Kisanduku ukifunge. Hapo sina mjadala. Mahali ambapo yeyote mwenye simu anaweza kuandika maagizo na seva ikayatii ni mlango ulioachwa wazi, na umshukuru Mungu aliyeingia alikuwa mjumbe aliyekosea tu. Angekuja mtu mwenye ng'ombe wa wizi na nia mbaya, ungelia zaidi. Kuandika au kubadilisha fomula kubaki kwako na mtu mmoja mwingine unayemwamini, na akaunti inayotumika kutafuta iweze kusoma tu, isiwe na uwezo wa kufuta wala kubadilisha kitu. Weka na muda wa mwisho, utafutaji ukizidi hapo ukatwe wenyewe. Fomula mpya ijaribiwe kwenye nakala ya mtambo iliyowekwa pembeni, na kamwe usiiingize asubuhi ya mnada!

Halafu, mama, kwa nini unampigia hesabu kila ng'ombe wa Mara nzima? Karani akiandika jike, mtambo uanze kwa kuchuja kwa njia ya kawaida, madume yote yatoke, na waliokwisha kupatikana watoke, ndipo fomula ipite kwa wale wachache waliobaki. Na lile linaloweza kuhesabiwa siku ng'ombe anaandikishwa, lihesabiwe siku hiyo na kuhifadhiwa. Mkato wa sikio haubadiliki kati ya Jumatatu na siku ya mnada, sasa kwa nini mtambo uuhangaikie upya kila mtu anapouliza?

Tuje nyumbani. Usifute kimya kimya. Fomula zikitoweka Baba ataagiza kisanduku kifunguliwe tena, nawe utakifungua tena, tunajuana. Mila ya nyumba hiyo imekukataza kukaa naye chumba kimoja, haijakukataza kumpelekea neno. Yeye mwenyewe alikutumia neno kutoka sebuleni mpaka jikoni na lilifika salama, au siyo? Basi kaa na mama mkwe wako, mweleze taratibu, na umtume akamuulize mumewe swali moja: Baba, sikio lipewe uzito gani, pembe uzito gani, na rangi uzito gani? Atakachojibu ndicho kiingie kwenye fomula ya ushirika mzima. Hapo atakuwa ameandika fomula moja inayotumika kila mnada, na heshima gani tena itakayozidi hiyo?

Na Jofrey aache kujificha nyuma ya "Baba haambiwagi". Huo ni uoga, asiuite adabu. Wewe umeandika mtambo mzima, yeye anashindwa kusimama mbele ya wajumbe dakika chache akawaambia utaratibu umebadilika? Mpe gazeti hili asome.

Nimebakiza jambo ambalo wewe umelipitisha haraka, katikati ya barua, kana kwamba halina uzito. Ulimwambia Susana mtandao ulikuwa mbovu. Mtandao haukuwa mbovu, mwanangu. Wewe unajua, Gody anajua, na Susana peke yake ndiye hajui, naye ndiye aliyepoteza ng'ombe. Nadhani hiki ndicho kinachokunyima chakula, wala si baba mkwe.

Gody anayo maelezo ya ng'ombe yule na ya lori, na vibali vya muuzaji vina jina. Njia ya kumfuatilia bado ipo, lakini mwenye ng'ombe hawezi kwenda polisi kudai asichoambiwa. Kila siku unayonyamaza lori linazidi kwenda mbali. Kwa hiyo kabla hujarudisha kikomo, kabla hujafunga kisanduku, kabla hata hujaenda kwa mama mkwe, shika simu umpigie Susana umwambie ng'ombe wake alionekana.