Uzi Mwekundu Kwenye Koti

Kambini, 4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, ila roho imechafuka.

Yule niliyeachana naye kanifuata. Kila jioni nikitoka kwenda darasa la umeme wa magari mjini, namkuta ng'ambo ya geti. Anasema nisiporudi kwake atanizika. Nimeshtaki polisi, wakanicheka.

Bastola ya marehemu baba niliyoichukua nikiwa likizo, kibali kina jina langu. Lakini amri ya hapa ni kwamba silaha binafsi ikiingia kambini ikae ghalani, na jioni ghala linafungwa. Mchana wananipa bunduki ya serikali nilinde ghala hilohilo, jioni mimi si wa kuaminika! Sijaisalimisha. Iko chini ya godoro.

Nakutumia koti langu. Nishonee mfuko wa ndani, chini ya kwapa.

Mwanao

Nyumbani, 11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, haunisikilizi, kama wewe.

Chini ya godoro! Silaha si kijiko, mwanangu. Baba yako angekuwa hai angekuchapa na ukoplo wako huohuo. Ipeleke ghalani, na hilo darasa liache mpaka huyo mtu achoke.

Hivyo ndivyo nilivyokusudia kukujibu. Kisha nikalikumbuka jicho lako siku ile ulipomkimbia ukarudi kwangu, lilivyokuwa limevimba. Nimekaa kwenye cherehani nikashona. Koti hilo hapo.

Mama yako

Kambini, 2 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, nimetoka mahabusu.

Wewe na uzi wako mwekundu! Kila kazi lazima uimalizie kona kwa mwekundu, hata ya siri? Sajenti wa getini aliuona ukichungulia kwapani, akaligeuza koti, akaikuta bastola.

Bastola sasa iko ghalani. Mkuu wa kikosi alinieleza kuwa amri hiyo ilikuja baada ya askari kumpiga mwenzake risasi bwenini, kwa bastola yake mwenyewe. Nilimwelewa. Nikamwambia, basi nipe mtu wa kunisindikiza. Akasema jeshi si yaya, kama naogopa niache kusoma.

Kaniuliza nani alishona. Nimekataa kukutaja, kanivua ukoplo. Naogopa, mama, sikufichi. Lakini darasa siachi. Leo natoka mikono mitupu.

Mwanao

Nje ya geti lako, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii anakuletea sajenti wako mwenye macho makali. Nimemrekebishia suruali.

Niko kibarazani kwa muuza vocha, mimi na cherehani yangu. Mkuu wako kapita, nikamwambia mfuko nilishona mimi, anivue cheo anachokiona. Kaangalia chini akaenda zake.

Na huyo wako kaja. Kaniamkia kwa adabu zote, eti mama, atatoka saa ngapi? Nikachukua utepe wa kupimia nikasimama, nikamwambia asogee nimpime sanda, maana aliyesema atamzika mwanangu ahakikishe kwanza yake imeshonwa. Watu wote wa hapa wakageuka kumtazama. Karudi nyuma mpaka kona. Bado yuko pale, na mimi bado nipo.

Naogopa pia. Toka wakati wako wa kawaida, tutakwenda pamoja mpaka mlangoni pa darasa, na nitakaa hapo mpaka mmalize. Mkasi ninao mkubwa, nimeunoa, na kwenye amri zao haumo.

Daftari usisahau.

Mama yako