Sifuri ya Kweli

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimewasha mashini, kompyuta yangu, mbele ya kunywa chai, kama kila asubuhi. Nodi, programu ya blockchain, bado inapakua mnyororo: nakala ya bloku zote, tangu ya kwanza, na miamala iliyo ndani. Polepole. Mtandao wa mtaa wetu, Himbi, unatambaa. Mama kapita na ufagio. "Kavira, hii mashini yako iko nakula umeme ya nyumba yote." Kweli.

Jumanne, 7 Oktoba
Prof anayesimamia kazi yangu ya mwisho wa masomo ameniita. Amechoka kungoja. "Nodi haiwezi kusimama hapa Goma. Chukua hesabu ya miamala kwenye site ya wengine." Juri, jopo la kunihoji, ni Ijumaa. Nikikuja mikono mitupu, ni kurudia mwaka.
Nimekataa. Hesabu ya kuazima siitaki. Nataka kuuliza mwenyewe.

Jumatano, 8 Oktoba
Umeme hakuna. Nilitaka kupiga kelele. Muzee Paluku, jirani yetu, ana paneli za jua juu ya paa. "Leta mashini yako huku, mwanangu." Nimeibeba kifuani kama mutoto mchanga, nikikanyaga mawe ya volkano taratibu. Nodi ikaamka, ikaendelea ilipoachia.
Mungu ambariki.

Alhamisi, 9 Oktoba
Karibu kufika mwisho. Nimeandika programu ndogo ya kuiuliza nodi: bloku hii ina miamala mingapi? Inajibu! Nimeruka.
Kisha, bloku za leo zote: sifuri, sifuri, sifuri. Haiwezekani. Nimelia kwa Muzee, bila aibu.
Nikasoma majibu yenyewe. Nodi haikusema sifuri. Ilisema "null", yaani bloku hiyo haijanifikia. Programu yangu ndiyo iliyogeuza kutojua kuwa sifuri. Bloku tupu ni jambo moja, bloku isiyojulikana ni jingine kabisa. Nimerekebisha. Jioni nodi imefika mwisho wa mnyororo. Hesabu zimejaa.

Ijumaa, 10 Oktoba
NIMESHINDA.
Mama mmoja wa juri aliweka kidole kwenye grafu, penye sifuri. "Hii bloku ilikuwa tupu, ama nodi yako haikuijua?"
Nusura nicheke. Nikaiuliza nodi palepale, mbele yao. Sifuri. Nikafungua bloku yenyewe: ipo, haina muamala hata mmoja. Nikaomba bloku ambayo haijazaliwa: null.
"Tupu, mama. Tupu ya kweli."
Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Prof. Yeye! Nje wenzangu wamenimwagia poda kichwani, desturi yetu kwa mshindi, mpaka nikawa mweupe kama muzimu. Nimecheza barabarani. Pikipiki zilipiga honi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimelala mpaka jua kali. Ziwa limetulia. Mama amekaanga sambaza, visamaki vya ziwa.
Mama mudogo amepiga simu toka Butembo, anataka kujua nimesomea nini hasa. Nilikuwa na bugali mdomoni. Mama akajibu.
"Anauliza, na anajua kama amejibiwa."
Akanisogezea sahani. Nimekula.